Mguu wa Kiema Haukuliwa na Kiapo

Mume wangu hakuuawa na kithitu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa sokoni Matinyani, kwenye foleni ya maji na hata, nasikitika kuandika, nje ya mlango wa kanisa letu ibada ikiisha. Wanasema Jonah Kiema aliapa uongo juu ya mpaka wa shamba, na kiapo kikamwanzia vidoleni, kikampanda mguu kama mchwa wanavyopanda nguzo.

Kwa msomaji asiye Mkamba, kithitu ni kitu cha kuapia ambacho wazee wachache bado wanakitunza. Anayeapa uongo mbele yake, inaaminika, huoza akiwa hai, na watu wa nyumba yake humfuata. Kiema hakukigusa. Kesi yake na Nzomo, ndugu yake wa baba mmoja, ilimalizwa mchana na mpima ardhi, chifu akiwa amesimama pale na kofia yake, na mstari wa mkonge uliopandwa na baba yao ukaonekana pale pale ulipokuwa siku zote. Nzomo ndiye aliyetaka kithitu kiletwe. Kiema alikuwa shemasi. Alimjibu mbele ya watu wote, "Ndugu yangu, mimi nikisema ndiyo, imetosha." Basi. Watu wakaondoka, na nilidhani yameisha.

Lipo pia la pili, kwamba mimi, mwalimu wa biolojia, nilimfungia mume wangu ndani mpaka harufu ikatuumbua. Hilo nitalijibu kwa kueleza mambo yalivyofuatana, mara moja tu, kwa sababu nimechoka kulijibu mlangoni kwangu kwa watu wanaokuja na kilo ya sukari mkononi wakisema wamekuja kunipa pole.

Kiema alikuwa mtengeneza akala, viatu vya matairi, kule Emali, karibu na mahali malori ya Mombasa husimama. Nilipoolewa naye, walimu wenzangu walicheka chinichini. Mimi nilikuwa na digrii na yeye alikuwa na kisu, nyundo na rundo la matairi. Hakuwahi kuona haya. "Mwalimu," alikuwa akiniambia, na hilo ndilo jina aliloniita maisha yake yote, "wewe unafundisha vichwa, mimi nafundisha miguu. Tuone ni nani atafika mbali." Juma zima alikaa Emali katika chumba cha kupanga, na mimi nilikaa Matinyani karibu na shule. Alikuja nyumbani mwisho wa juma, isipokuwa biashara ikiwa nzuri, na wakati mwingine mimi ndiye niliyekwenda kwake. Ndoa nyingi za huku kwetu zinaishi hivyo, na yetu iliishi vizuri.

Kazi yake ilikuwa safi. Alichovya kisu katika maji ya sabuni ili kipite kwenye mpira bila kukwama, akakata soli kwa mkupuo mmoja, akapigilia kanda kwa misumari midogo. Zamani matairi yalikuwa ya nyuzi, na akala zake zilikuwa laini ndani kama mkeka. Siku hizi mengi yana waya. Waya ukikatwa huacha ncha nyembamba kama unywele wa ngedere, jicho halizioni, na ukikanyaga ncha hiyo utajua. Kiema aling'oa ncha kwa koleo, kisha akaonja. Hilo lilikuwa neno lake. Kila jozi iliyotoka mikononi mwake aliivaa yeye mwenyewe kwanza, akatembea nayo huku na huku mbele ya kibanda, akikanyaga kwa kisigino, kwa ukingo, kwa vidole. Ikimchoma, aliivua na kuitafuta ncha. Isipomchoma, aliiuza. Akala ndogo za wanawake hazikumwingia, kwa hiyo aliziwekea nyayo juu na kuzikandamiza kwa uzito wake wote. Wafugaji waliotoka upande wa Loitokitok walimpita kila mtengenezaji mwingine ili wamfikie, kwa sababu akala ya Kiema ilikuwa imeshaonjwa.

Alipogunduliwa kuwa na kisukari, hakukuwa na kilio. Madaktari walikuja kupima watu bure kanisani, akachomwa kidoleni, akaambiwa sukari iko juu. Akapewa vidonge. Alivimeza wiki alizojisikia vibaya na kuviacha wiki alizojisikia vizuri. Nilimwambia vidonge si mwavuli. Alicheka, akavimeza mbele yangu, akarudi Emali ambako wateja walimnunulia soda kwa heshima. Nilimpunguzia sukari nyumbani. Sikuwa na uwezo wa kupunguza heshima ya Emali.

Kitu ambacho hakuna aliyekiona ni miguu yake. Alianza kusema kwamba nyayo zake zimekomaa. Alisema kwa majivuno, kama mtu aliyepandishwa cheo. Angeweza kusimama kwenye lami saa saba mchana bila kuruka. Alikanyaga kaa la moto lililodondoka kutoka kwa muuza mahindi na hakujua mpaka akaambiwa na watu. "Mguu umekuwa tairi," aliwaambia. "Sasa nimeiva katika kazi hii." Na sisi sote tulicheka.

Nilikuwa pale Jumamosi aliyokuja Kalunde. Kalunde anauza nyanya Emali, ni mwanamke mwenye sauti ya kuita gari lililokwisha kuondoka. Alikuja akichechemea, akala moja mkononi.

"Mzee Kiema! Umeniuzia akala au umeniuzia sindano?"

"Shikamoo kwanza, mama nyanya."

"Shikamoo utaipata nikikaa chini. Angalia mguu wangu! Nimetoboka."

"Yangu haitoboi mtu. Hiyo nimeionja."

"Umeionja na nini, na ulimi?"

Watu wakaangua kicheko. Kiema hakucheka. Katika miaka yote, hakuna mtu aliyewahi kumrudishia akala kwa sababu ya waya. Aliinyakua, akaitupa chini, akaikanyaga kwa uzito wake wote, akajipindua juu yake kama mtu anayezima sigara. "Iko wapi?" akasema. "Nionyeshe. Iko wapi hiyo sindano?" Akaikanyaga tena. "Mwalimu, wewe ni shahidi, iko wapi?"

Kalunde akainama kuutazama mguu wa Kiema. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mzee, toa mguu."

Soli ilikuwa na damu. Si damu ya Kalunde, yake ilikuwa imekauka tangu asubuhi. Ilikuwa mbichi na ilikuwa ya mume wangu, na alikuwa bado anaikanyaga akiuliza iko wapi.

Nilimkalisha kwenye gogo, nikaugeuza ule mguu juu. Nimeshika chura, panya na moyo wa ng'ombe mbele ya wanafunzi, lakini niliogopa kuutazama unyayo ule. Ulikuwa na matundu mengi, mengine mapya, mengine ya zamani yenye kingo ngumu nyeupe, na chini ya kidole gumba kulikuwa na shimo ambalo ncha ya kalamu ingeingia. Hakuna lililomuuma. Alikuwa akionja akala kwa ulimi usiosikia ladha, na kila jozi ilikuwa imemwonja yeye.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu lini nini?" akasema. Alikuwa akiutazama kama mguu wa mtu mwingine.

Siku mbili baadaye tulikuwa hospitali moja mjini Kitui. Naandika hivyo kwa wale wanaosema nilimficha. Daktari aliitwa Nasreen, mwanamke mdogo wa familia ya wafanyabiashara wa Mwingi, mpole na asiyezungusha maneno. Alichukua kijiti chembamba cha chuma, akakiingiza katika lile shimo, nami nikasikia kikigonga mfupa. Kiema alikuwa akisimulia habari za bei ya matairi. Hakukatiza sentensi.

Daktari alitueleza, nami nitaeleza hapa kwa sababu watu wa Matinyani wanastahili kujua kinachoozesha mguu. Mtu mwenye afya akichomwa, mahali pale panawaka. Panauma, panavimba, panakuwa pekundu. Huo ndio mwili unaofanya kazi. Zile seli nyeupe za damu zinasikia harufu ya jeraha, zinatoka kwenye mishipa, zinakwenda pale na kuwameza wadudu. Damu iliyojaa sukari kwa miaka huharibu kila hatua ya safari hiyo. Neva zinakufa, kwa hiyo mtu hajui amechomwa. Kuta za mishipa midogo zinakuwa nene na njia ya ndani inakuwa nyembamba, kwa hiyo hata seli nzuri hazipiti. Seli zenyewe zinachelewa kuitika, na zikifika zinawashika wadudu bila nguvu ya kuwamaliza. Nyama ya mguu nayo inabadilika, kwa sababu sukari inashikamana na zile nyuzi zinazoipa ngozi uimara, nazo zinakuwa kavu na ngumu, zinapasuka badala ya kuvutika. Halafu kuna jambo lililonishangaza hata mimi. Zile seli chache zilizofika hazijui kuacha. Katika jeraha la kawaida kuna wakati wa vita na wakati wa kujenga. Kwa mgonjwa wa kisukari zinabaki kwenye vita, zikimwaga sumu zao juu ya nyama ambayo ingepaswa kufunga, na kidonda kinakaa wazi mwezi baada ya mwezi.

Kiema alisikiliza yote. Kisha akasema, "Kwa hiyo daktari, askari wangu wamekula hongo?"

"Hapana, mzee. Wamelewa. Wanaishi ndani ya sukari, na wewe ndiye unayewauzia."

Alicheka mpaka akafuta macho. Nilimpenda daktari yule kwa kumchekesha. Halafu akamwambia lililobaki. Kidole gumba na mfupa wake viondolewe wiki ile ile, pamoja na sindano za insulini na dawa za kuua wadudu. Kikikatwa sasa, atatembea na atafanya kazi. Kikiachwa, watazungumza habari ya mguu.

Kicheko kikakoma. "Si sasa," akasema.

Hapa ndipo panapotakiwa kueleweka vizuri. Binti yetu Mbinya alikuwa amechumbiwa na Kitonga, kijana wa Kabati, mtoto wa Mzee Ndululu mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mbuzi wa ntheo walikuwa wameshapangiwa siku. Kwetu msichana ambaye mbuzi wake hawajaletwa, hata avae shela mara ngapi, wazee hawamhesabu kuwa ameolewa. Na tangu mpima ardhi alipoondoka, Nzomo alikuwa akisema kwa watu kwamba Kiema alikataa kuapa hadharani kwa sababu alikuwa ameshaapa kwa siri. Alisema wangoje tu, watamwona mwilini.

"Unasikia anachosema Nzomo," Kiema aliniambia tukiwa kwenye benchi la nje ya wodi. "Nikitoka hapa bila kidole, nitakuwa nimemjibu. Ndululu atageuza mbuzi njiani."

"Ndululu ni mtu mzima. Ataelezwa."

"Ataelezwa nini, Mwalimu? Seli? Wazee wa Kabati utawachorea ubaoni?"

"Nitawachorea."

"Watatazama picha, halafu watatazama mguu wangu. Nipe mpaka siku ya mbuzi. Nataka nisimame langoni kwangu kwa miguu yangu, na vidole vyangu vyote, nimpokee Ndululu. Kesho yake nitakuja mwenyewe, huyu mama anikate anavyotaka."

Nilibishana naye. Nilibishana pale kwenye benchi, nyumbani, na mbele ya mchungaji niliyemwita mwenyewe. Dokta Nasreen alibishana naye na akamtaka atie sahihi kwamba amekataa. Anayeuliza kwa nini sikumlazimisha namjibu kwamba Kiema alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, na mguu ulikuwa wake. Nilifanya lililobaki. Nilimchoma insulini asubuhi na jioni. Nilisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikakifunga kwa bendeji safi, nikamkataza kwenda Emali, nikavificha visu vyake. Sukari ilishuka. Kwa muda hata shimo lilionekana kuwa dogo. Kwa juu.

Siku ya mbuzi ilifika na jua kali. Kiema alivaa suti ya kijivu na viatu vya kanisani, vya ngozi, vilivyofungwa, na akasimama langoni. Mzee Ndululu alishuka kwenye pikapu na mbuzi wake wakiwa nyuma wanalia, na wazee wa pande zote mbili wakaanza mizaha yao.

"Huyu beberu ni mbuzi au ni mbwa?" Kiema akauliza. "Mbona mbavu zake zinahesabika?"

"Amekonda kwa kutembea," Ndululu akasema. "Alivaa akala zako."

Kiema aliwazungusha wageni boma lote. Alitembea. Aliwaonyesha mstari wa mkonge pia, hatua kwa hatua, na hakuna aliyeona chochote, isipokuwa mimi niliyeona jasho kwenye shingo yake, na Mbinya aliyekuwa ananitazama mimi. Nyama ikaliwa, mbuzi wakapokewa. Wageni walipoondoka alikaa kwenye kiti na kusema anasikia baridi. Jua lilikuwa bado linachoma mabati.

Nilivua kiatu. Nisingependa kueleza zaidi ya hapo. Wekundu ulikuwa umepita kifundo, na mstari mwingine ulikuwa unaanza kupanda. Tulirudi hospitali kabla giza halijaingia, na Nasreen hakumwambia neno la lawama. Alikata chini ya goti kesho yake. Wadudu walikuwa wamekwisha kuingia kwenye damu, na seli zake hazikuwa na la kuwafanya. Kiema aliishi kidogo baada ya hapo. Alikuwa na fahamu zake, na alikufa na jina lake.

Ndipo maneno yakapata miguu. Hatujamaliza matanga, wazee wa ukoo wakaja nyumbani pamoja na Mzee Ndululu. Walikuwa na adabu. Walikunywa chai. Kisha mkubwa wao akasema kwamba nyumba hii ina kitu, na kitu hicho kisipoondolewa kitamfuata Mbinya mpaka Kabati, kwa hiyo atafutwe mbuzi, aje mtu wa kutakasa. Mimi nitamke tu kwamba marehemu alikosea kuhusu shamba.

"Alikosea nini?" nikauliza.

"Si lazima useme nini. Useme alikosea."

Niliwaeleza. Niliwaeleza neva, mishipa, seli na sukari, kwa Kikamba, polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza. Walinisikiliza kama watu wanaosubiri mvua iishe. Mzee Ndululu akaweka kikombe chini.

"Mama Mbinya, mimi sikubishii. Mimi sijasoma. Nataka tu nilale. Kama hakuapa, wewe uape kwamba hakuapa. Kithitu kiletwe, uape, tumalize. Mimi mwenyewe nitalipa mbuzi wa harusi."

Kila mtu akanitazama. Ilikuwa rahisi sana. Sikuwa na wasiwasi wowote juu ya ukweli, na kitu chenyewe kwangu ni mfupa na manyoya. Ningeapa, ningebaki mzima, na Mbinya angeolewa bila mtu kunong'ona. Mbinya alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na birika mkononi.

"Mume wangu alikataa kuapa kwa kinywa chake," nikasema. "Kukataa kwake kumemgharimu. Sitakwenda nyuma yake kumwapia kama mtu ambaye neno lake halikutosha."

"Basi binti yako—"

"Binti yangu yuko hapa. Muulize."

Ndululu akageuka. Mbinya aliweka birika mezani. "Baba," akasema, "kama Kitonga anataka mke wa kuapiwa, amtafute. Mbuzi wangu walipokewa na mtu aliyesimama."

Wazee wakaondoka bila kumaliza chai. Kwa miezi kadhaa hatukusikia neno kutoka Kabati, na ilikuwa miezi mirefu. Kisha Kitonga alikuja peke yake na nguo za kazi, akasema anaoa kanisani, na anayetaka aje. Waliokuja kutoka Kabati walikuwa wachache. Mzee Ndululu alikaa benchi la nyuma kabisa na akatoka wimbo wa mwisho ukiimbwa. Mbinya ni mzima. Mtoto wake anatembea. Mimi hupimwa sukari kila msimu, na Mbinya pia, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika familia, na hicho ndicho kitu pekee kilicho ndani ya nyumba hii.

Limebaki moja ambalo watu huniuliza wakijua wanachouliza. Ni kweli kwamba Nzomo alikuja wodini siku ya mwisho. Ni kweli kwamba Kiema aliniomba nitoke, na mlango ukafungwa, na Nzomo alipotoka alikuwa analia. Kiema aliniambia walichozungumza. Kinahusu ndugu wawili, mmoja wao bado yuko hai na ana watoto, na ni wa ukoo wetu.

Sitakiandika, na msije kuniuliza.